Mahali pa Kupita: Gari la Kuchezea Kariakoo, Tangu Waya Hadi Rimoti

Mtu akiniuliza gari la kuchezea linaloendeshwa kwa mbali liliingia lini Kariakoo, namjibu kwamba la kwanza halikuingia, lilitengenezwa hapa hapa. Lilitengenezwa kwa waya, na fundi wake alikuwa mtoto. Usukani ulikuwa kijiti kirefu kilichomfika kiunoni, chini yake waya mnene ukishuka mpaka kwenye ekseli ya mbele, na dereva alitembea wima nyuma ya gari lake akikata kona ya Narung'ombe bila kuinama. Mkono uko huku, gari liko kule, na kona inakatwa pale unapotaka. Redio ilipokuja ilichukua kazi ya ule waya, mengine yote tulikuwa tunayajua.

Mimi ni fundi redio. Nimezaliwa Kariakoo katika mwaka wa Azimio la Arusha, kazi nimeifunzwa Kariakoo, na mezani kwangu, katikati ya spika na redio zilizofunguliwa matumbo, hakukosekani gari la rimoti. Mengine ni ya wateja na mengine ni yangu mwenyewe, maana mchezo huu haujanitoka hata sasa nina wajukuu. Historia yake nataka kuianzia ardhini. Gari dogo, liwe la waya au la redio, kabla ya betri na kabla ya antena linadai mahali pa kupita.

Na Kariakoo ilikuwa nazo nafasi. Zamani eneo hili lilikuwa shamba la minazi la Mjerumani aitwaye Schoeller. Serikali ya Kijerumani ililichukua muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikalikata viwanja kwa mistari iliyonyooka, ndiyo maana ukisimama Mtaa wa Sikukuu unaona mbali. Waingereza walipoingia Dar es Salaam mwezi Septemba 1916 waliwapanga hapa wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, na midomoni mwa wenyeji jina hilo likatulia kuwa Kariakoo. Miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ikahakikisha pana ukanda mtupu kati ya Uhindini na Kariakoo, nyumba za Waafrika zisisogee upande wa pili. Ukanda huo ndio Mnazi Mmoja. Uliwekwa ili utenge watu, na watoto wakaugeuza uwanja. Nalisema hilo kwa fahari, kwa sababu sehemu kubwa ya michezo ya mji huu, kuanzia mpira wa miguu hadi bembea za Idi, imeishi juu ya ardhi iliyoachwa wazi kwa nia mbaya.

Ndani ya Kariakoo kwenyewe zilikuwako nyumba za Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, baraza mbele. Baraza lilishuka moja kwa moja kwenye mchanga wa mtaa. Mchanga huo ndio uliokuwa barabara yetu kuu. Ukiwa mkavu ulimeza magurudumu, lakini mvua ikipita ulishikana, na hapo wakubwa wakirudi kazini walikuta mtaa mzima umechimbwa. Tulijenga matuta, tukatandaza vipande vya mbao kuwa madaraja, tukachonga mteremko mkali karibu na mfereji tukauita Kitonga, kwa kuwa barabara ya Zambia ilikuwa imekamilika na madereva wa malori waliolala mitaani kwetu hawakuwa na hadithi nyingine ila ya mlima wa jina hilo. Gari lisilopanda Kitonga halikuheshimiwa.

Niseme jinsi gari lilivyoundwa, maana vijana wanaoniletea magari ya plastiki mara nyingi hawajapata kuliona. Fremu ilikuwa waya wa kufungia nondo, ule mweusi laini, uliosokotwa mara mbili ili uwe mgumu. Bodi ilikuwa bati, na bati lilipatikana Gerezani. Gerezani ndiko walikokaa mafundi wa masanduku, vibatari na majiko ya mkaa, na jioni walipofagia karakana vipande vyembamba vya bati vilikuwa vya aliyewahi. Magurudumu yalikatwa kwenye ndala za Bora zilizokatika kanda. Ndala moja ilitoa matatu, ukiwa na kisu kikali manne. Taa zilikuwa vizibo vya soda vilivyosuguliwa mpaka vikang'aa. Springi ilikuwa kipande cha tyubu ya baiskeli.

Kazi ngumu ilikuwa usukani. Waya wa kijiti ulipinda chini kama herufi ya L na kushika ekseli, na ekseli ya mbele ilipaswa kucheza kwenye tundu moja la katikati bila kulegea. Tundu likiwa pana, gari linayumba. Likibana, linakataa kona. Niliwaona wavulana wa darasa la nne wakilirekebisha tundu hilo kwa msumari na jiwe, wakijaribu, wakilegeza, wakijaribu tena. Wengine baadaye walikuwa mafundi magari Gerezani na Ilala, na mimi siamini kwamba ilitokea tu.

Tulinakili tulichokiona barabarani. Scania ndiyo iliyopendwa kuliko zote, kwa kuwa zilikuwa zinaunganishwa Kibaha na tulizihesabu kuwa zetu. Shirika la UDA lilipoleta mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, yale yenye kiungo cha mpira katikati tuliyoyaita kumbakumba, mitaani kwetu yalizaliwa mabasi ya waya yenye kiungo cha mfuko wa plastiki. Lilikuwa tatizo la kweli la ufundi: basi likikata kona, mkia lazima ufuate. Waliofaulu walizungukwa na watazamaji mpaka giza.

Wako waliopenda magari ya mbio. Kaka yangu mkubwa alikuwa mmoja wao, na sababu ilikuwa Bert Shankland. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, na katika miaka hiyo zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda 1966 na tena 1967, mara zote kwa Peugeot 404. Mshindi wa Safari akiwa mtu wa mji wako, utatengeneza gari gani? Mtaa wetu ulijaa 404 za bati, zenye namba iliyoandikwa kwa mkaa ubavuni. Kaka alisimulia pia kwamba madukani upande wa Uhindini aliwahi kuona, nyuma ya kioo, gari dogo la chuma la Corgi kutoka Uingereza: Volkswagen iliyopakwa rangi za Safari, na ndani ya boksi kulikuwa na kifaru wake. Kampuni hiyo iliitoa kweli, katika miaka ya 1960. Kaka hakuwahi kuigusa. Alimtengeneza kifaru kwa udongo wa mfinyanzi, akamweka njiani, na kila aliyemgonga alitolewa mashindanoni.

Baada ya hapo vitu vya madukani vikapungua, vikapungua, vikaisha. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula fedha za kigeni, mafuta yalikuwa ghali, na hakuna serikali ambayo ingeagiza kifaru wa plastiki wakati sabuni inapangiwa foleni. Watu husimulia miaka hiyo kwa habari za foleni tu, na foleni zilikuwako, nami nilitumwa kuzipanga. Lakini kwa gari la waya ndiyo ilikuwa miaka ya neema. Kwa ajili ya kubana mafuta, magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Fikiria maana yake kwa mtoto. Lami ya Msimbazi, lami ya Uhuru, nyeusi, laini, tupu, jua likianza kulegea, nasi tukatoka na magari yetu. Juu ya lami magurudumu ya ndala hayana kelele, na gari la waya linakwenda kasi ya miguu yako. Tangu siku hizo sijapata uwanja ulio bora zaidi.

Ulimwengu wa nje ulikuwa umekwenda mbali. Nikola Tesla aliionyesha New York mashua iliyotii mawimbi ya redio mwaka 1898. Waitalia wa El-Gi waliuza Ferrari ya rimoti katikati ya miaka ya 1960, na Tamiya wa Japani wakatoa Porsche 934 yao mwaka 1976, wakaujenga mchezo wenye vilabu, spea na mashindano. Hayo yote yalitupita bila sisi kusikia.

Sisi tulisubiri mwaka 1984, serikali iliporuhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Mwaka uliofuata Mzee Mwinyi akashika nchi, na watu wakamwita Mzee Rukhsa. Mabaharia walianza kushusha vitu vya Dubai. Zanzibar nako kulikuwa kumefunguka, na boti zilileta mizigo. Gari la kwanza la betri nililoliona likikata kona lilikuwa bado na waya: kijisanduku cha betri mkononi, uzi wa nyaya mbili tatu ukishuka mpaka kwenye gari, nawe unalifuata kwa nyuma. Nililiona na nikacheka kwa furaha, kwa sababu lilikuwa gari letu.

La redio lilifuata. Yale ya bei nafuu ya wakati huo yalikuwa na tabia moja: mbele yalikwenda moja kwa moja tu, na kona yaliikata yakirudi nyuma. Kitufe kilikuwa kimoja. Ukikibonyeza mota inageuka, na gari linarudi likikata kona. Watoto wa sasa wangelitupa. Sisi tulijifunza kuliendesha kwa akili: ulirudi nyuma kwa kipimo, ukaangalia pua inapoelekea, kisha ukaliachia. Aliyemudu gari la kitufe kimoja kati ya baraza na baraza alikuwa dereva.

Betri ndiyo iliyokuwa mlango wenye kufuli. Gari lilitaka ndogo nne au sita, rimoti ikataka ile ya mraba ya volti tisa, na vyote vikaisha kabla jua la Idi halijazama. Mzazi aliyejikamua kununua gari hakuwa na cha kununulia betri za kila wiki. Hapo ndipo ufundi wangu ulipoanzia. Betri kubwa za National zilipatikana, zilikuwa zikitengenezwa hapa hapa Dar es Salaam na kiwanda cha Matsushita, na kila nyumba yenye redio ilizitupa zikiwa bado na nguvu kidogo. Betri ndogo na betri kubwa za aina hiyo hutoa volti ileile moja na nusu. Tofauti ni muda wa kudumu. Kwa hiyo nilizikusanya kubwa zilizochoka, nikazianika juani, nikazifunga nne kwa ukanda wa tyubu, nikazipakia kwenye trela la waya na kulifunga trela nyuma ya gari la rimoti. Mvuto ulipungua, kasi ikapungua, ila lilikwenda mchana kutwa. Na mtu alipouliza hilo trela limetoka wapi, lilikuwa gari langu la waya la zamani.

Tatizo lililonifanya niupende mchezo huu kwa dhati lilikuwa la mawimbi. Magari yalipoongezeka tuliita mashindano Mnazi Mmoja siku ya Idi mosi, tukayapanga kwenye mstari, na mtoto mmoja alipobonyeza rimoti yake magari yote yakaondoka. Mzigo mzima ulikuwa wa masafa mamoja, ya megahezi 27. Rimoti yenyewe ina kristali na hutulia mahali pake, lakini kipokeo cha gari la bei ndogo hakina; kina koili na risasi nyeusi ya feraiti inayozungushwa katikati, na masikio yake ni mapana mno. Unaweza kubadilisha kristali ya rimoti kutoka nukta moja ya 27 hadi nyingine, gari la jirani bado litakusikia. Njia pekee ilikuwa kutafuta magari ya bendi nyingine. Yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya mara nyingi yalikuwa ya 27 na 40, ya Marekani 27 na 49, na kwa bahati njema Kariakoo ilipokea mabaki ya kila soko. Nilianza kuyanunua mabovu kwa ajili ya saketi zake tu, nikahamisha ya 49 ndani ya bodi la gari zima, nikahamisha ya 40 ndani ya jingine. Tukapata mashindano ya magari matatu kwa mara moja. Zaidi ya matatu haikuwezekana, na kila raundi ilikuwa na foleni ya madereva wenye rangi zao kwenye antena: nyekundu, bluu, njano.

Ilikuwa mitandao midogo ya urafiki. Mwenye 49 alikuwa mtu wa kutafutwa.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 mambo mawili yakaja pamoja, na hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie. La kwanza, wafanyabiashara wa Kariakoo waliacha kuishia Dubai, wakaenda wenyewe Guangzhou na Yiwu. Gari la rimoti liliacha kuwa kitu cha baharia; likawa katoni, kisha kontena. Wanunuzi wakaja kutoka Lubumbashi, Lusaka, Lilongwe, wakibeba kwa dazeni. Ndani ya magari hayo nilianza kukuta kichipu kilekile, RX-2B, chenye miguu 16 na amri tano: mbele, nyuma, kushoto, kulia na kasi. Nilifurahi, kwa sababu fundi akishajua kichipu kimoja amejua yote. Kinachokufa kwa kawaida ni transista za mota, kwa kuwa mtoto hulisukumiza gari ukutani na kuendelea kubonyeza. Gia za plastiki nikazibadilisha kwa gia za deki za kaseti ambazo hakuna aliyezitaka tena. Gari lililokuwa ndoto ya mtaa mzima sasa mtoto wa muuza mihogo angeweza kulipata Sikukuu.

La pili, nyumba za Kiswahili zilivunjwa. Kiwanja chenye vyumba sita na mwarobaini uani kikapanda ghorofa nane, kumi, chini maduka, juu stoo. Baraza likageuka kizingiti cha fremu. Mchanga ukafunikwa, na ulipofunikwa, kila hatua ya mtaa ikapata mwenyewe: meza, turubai, mkokoteni, mzigo uliomwagwa Mtaa wa Congo tangu alfajiri. Siwalaumu wamachinga, wanakula kwa jasho lao, na wengi ni wateja wangu. Nasema tu kilichotokea. Kariakoo ilipata magari ya rimoti kwa maelfu katika miaka ileile ilipopoteza mahali pa kuyaendeshea. Yanauzwa hapa kuliko popote nchini, na muuzaji anapomwonyesha mteja jinsi linavyokwenda hulinyanyua hewani na kuacha magurudumu yazunguke.

Tulihama. Jangwani kulikuwa na viwanja vya mpira, ardhi ngumu ya kichanga iliyofaa sana, ila mafuriko ya Desemba 2011 yalipita humo, kisha karakana ya mabasi ya mwendokasi ikachukua sehemu, na mabasi yenyewe yakaanza kutembea Mei 2016. Kidongo Chekundu ilifunguliwa bustani ya michezo ya vijana mwaka 2015, jambo jema kabisa, lakini nyasi za bandia ni za mpira wa miguu na gari dogo hunasa humo. Kulibaki usiku na asubuhi ya Jumapili, maduka yakiwa yamefungwa. Soko kuu lilipoungua Julai 2021, lile lililochorwa na msanifu Beda Amuli, lenye miavuli ya zege lililofunguliwa 1975, biashara ilisambaa zaidi mitaani, na mwaka 2025 Kariakoo ikaanzishiwa biashara ya saa 24. Kwa uchumi ni habari njema. Kwa dereva wa gari la sentimita 30, usiku nao umepata mwenyewe.

Wakati huohuo mchezo wenyewe haujawahi kuwa mzuri hivi. Magari ya sasa yanatumia gigahezi 2.4, kila rimoti huoana na gari lake, na gari halimsikii jirani, kwa hiyo hata magari 20 yanaweza kukimbizana bila kugombana. Ile foleni ya rangi tatu imekwisha. Betri ni za lithiamu, na vijana wanaopita kwangu wanazitoa kwenye kompyuta mpakato zilizokufa, wanazipima moja moja, wanazifunga kwa mpangilio safi kuliko nilivyofunga mimi zile za National. Mmoja anauza kava za simu Mtaa wa Aggrey mchana. Jioni anakuja, "Shikamoo mzee, leo nimepata mota isiyo na brashi," nasi tunasahau kula. Ana mikono ileile niliyoiona kwa wavulana wa msumari na jiwe.

Tunaendesha juu ya paa. Mwenye ghorofa moja, rafiki yangu tangu utoto, ametuachia paa lake la zege kati ya matangi ya maji, kwa sharti la kufika baada ya Alasiri na kuondoka kabla ya Magharibi. Ukutani tumepanga matairi ya pikipiki yaliyochakaa, kwa sababu gari likipenya litawaangukia watu wa Mtaa wa Congo, na hilo hatutaliruhusu litokee. Njia tumeipaka chokaa. Zege linakula matairi, kona ni za kubana, na moja tumeiinua kwa mbao kwa sababu vijana waliniomba niwatengenezee ile Kitonga niliyowasimulia. Nawaambia kila mara kwamba tunachohitaji ni kidogo: eneo la uwanja wa kikapu, udongo ulioshindiliwa, mti mmoja wa kivuli, na ruhusa ya jioni mbili kwa wiki. Mjini hapa nafasi ya kiasi hicho bado ipo; barua tumeshaiandika, na nakala yake iko kwenye droo ya meza yangu, chini ya mfuko wa kristali za 49.